Mali Yote Imerudi

Waitoru, Kawhia
4 Machi 1853

Mume wangu Wata,

Naandika nikiwa nimekaa chini kwa sababu kiti hatuna. Meza pia hatuna. Karatasi nimeiweka juu ya sanduku la chumvi, ambalo shangazi Miriama alilirudia mara mbili akalijaribu uzito, kisha akasema mgongo wake si wa punda, akaliacha.

Umeondoka bila kuaga. Nilikwenda mtoni kuchota maji, kurudi nakuta wakata mbao wananiambia wamekuona gatini unapanda merikebu, huna koti wala kofia. Nikacheka. Nikawaambia, huyu mume wangu hana subira hata kidogo, vitu vya nyumba vimetoka kuchukuliwa juzi tu, naye amekwishakwenda Auckland kununua sufuria mpya.

Erena anaendelea vizuri. Bega lililoungua limeanza kukauka, ila mkono bado unatoa maji, na usiku analala kifudifudi. Shangazi anampaka dawa ya majani na kumwimbia. Anauliza baba yuko wapi. Namwambia baba amekwenda dukani.

Mimi sikulaumu, na nimekwisha kukuambia. Chungu cha mafuta kilikuwa kinachemka, wewe ulikuwa unabishana na yule mnunuzi wa ngano ukampa mtoto mgongo, na mtoto ni mtoto. Watu wangu wamekuja, wamesema, wamechukua, yamekwisha. Hakuna mtu wa ukoo wetu atakayelitaja tena jambo hilo, mbele yako au nyuma yako.

Ungekuwepo ungesikia unavyosifiwa. Jana watu wa Aotea walipita njia, wakasimama mlangoni wakachungulia chumba kitupu. Mmoja akaniuliza, "Dada, wamechukua mpaka birika?" Nikamjibu kwa maringo, mpaka birika. Binamu yangu Katarina sasa hivi hata salamu hanipi, kwa wivu. Unakumbuka mumewe, yule Mzungu mzee Coutts, alipounguza ghala la wakwe zake? Kwake walikuja wazee watatu tu, wakaondoka na mbwa.

Ukichagua sufuria, chukua yenye miguu. Na Erena umletee kitu kitamu.

Mkeo,
Ripeka


Auckland
16 Machi 1853

Ripeka,

Nimeisoma barua yako nikairudia, na bado sijui kama unanicheza shere au umerukwa na akili.

Ngoja nikueleze nilichokiona mimi, maana naona wewe ulikuwa unatazama kitu kingine. Mtoto alikuwa bado analia kwa maumivu. Asubuhi nikakukuta uani unachimba shimo la kupikia, umepasha mawe, umechinja nguruwe wangu, yule jike na yule mkubwa tuliyekuwa tunamnenepesha. Nikakuuliza wageni gani hao. Ukanijibu, "Watu wa nyumbani wanakuja." Nikafurahi. Nikajua ndugu zako wanakuja kumpa mtoto pole. Nikavaa koti langu la kanisani.

Walikuja mbio kutoka mtoni, kaka yako Hakaraia mbele, kifua wazi na mkuki mkononi, wanaruka na kunguruma, wametoa ndimi, mpaka madirisha yakatetemeka. Nikakusukuma ndani wewe na mtoto. Wewe ukatoka tena, ukasimama kando ya shimo lako kama mwenye harusi. Hakaraia akaniwekea ncha ya mkuki kifuani akanitukana kwa sauti ya kusikika ng'ambo: "Wewe kipofu, wewe mvivu, mtoto wa dada yangu umempika kama kiazi!" Kisha akakaa chini akala. Wakala wote nguruwe wangu, mimi nimesimama tu nawatazama. Walipomaliza wakafuta mikono wakaingia ndani.

Farasi, plau, mashua, mablanketi, mbegu za ngano, meza niliyoichonga mwenyewe, birika lenye chai bado ya moto. Shangazi yako Miriama alinishika mabega, akaweka pua yake kwenye pua yangu, akalia machozi ya kweli, na huku analia akanivua koti. Sijawahi kusikia mtu anaibiwa na mwizi anayemhurumia.

Lakini wao hawakunishtua kama wewe. Walikuwa wanatoka, wamechoka, wanafunga mizigo, nami nimesimama pale kama mti. Ndipo nikakuona unamshika Hakaraia mkono, unamwonyesha sufuria ndogo nyuma ya mlango waliyokuwa wameisahau. Mke wangu mwenyewe. Nililala ile siku kwenye sakafu tupu pembeni yako nikajiuliza nimeoa nani.

Nimekwenda kwa hakimu. Nimeeleza kila kitu na nimemtaja kaka yako kwa jina. Askari watakuja na merikebu ijayo. Na wewe fikiri vizuri uko upande gani.

Walter Prowse


Waitoru
30 Machi 1853

Baba Erena,

Barua yako nimeisomea mlangoni, nikakaa pale pale kizingitini. Mimi nilidhani umekwenda kununua sufuria.

Sikukueleza kwa sababu sikujua kwamba hujui. Miaka yote hii unakula na sisi, unalala na sisi, unatania na kaka yangu mpaka mnashikana mbavu. Ningejuaje kwamba jambo ambalo hata Erena analielewa, wewe hulielewi? Hiyo ni muru, Wata. Mtoto si wetu peke yetu, ni wa ukoo. Akiumia mikononi mwetu, sisi wawili tumewakosea watu wote wale, na wao wana haki ya kuja kusema na kuchukua. Na sisi tunawapikia, kwa sababu wametoka mbali na kwa sababu tunakubali kosa. Mtu akikataa kupika, maana yake anasema, mtoto huyu hanihusu.

Wakija wachache wakachukua kidogo, wamekudharau. Wakija wengi wakachukua kila kitu, wamekupa heshima ambayo hupati kwa fedha. Nilipoona kundi lile linapanda kutoka mtoni nililia kwa furaha. Nilisema moyoni, leo wamemfanya Mzungu wangu kuwa mkubwa. Ndiyo maana niliwaonyesha sufuria. Niliona aibu wakuachie sufuria, kama wanakuonea huruma.

Na usiniambie hujapata kuiona muru. Mwaka juzi jamaa yetu Te Raro alipowasha moto porini ukafika kwenye makaburi ya wazee wetu, wewe ulikwenda na Hakaraia. Ulikula mikunga ya Te Raro, wale samaki kama nyoka, ukashiba. Ulirudi na jembe lake begani, unapiga mluzi. Bustani yetu yote imelimwa kwa jembe hilo. Ulidhani Te Raro alikupa zawadi?

Sasa sikiliza, maana hili ndilo linaloninyima usingizi. Kaka yangu ni mkubwa wa ukoo, na kichwa chake ni mwiko. Umeona mwenyewe tunavyozunguka mbali siku anayokatwa nywele. Anakatwa na mzee mmoja tu, na mzee huyo baada ya hapo hagusi chakula kwa mikono yake, analishwa kama mtoto mpaka mwiko umtoke. Nywele zenyewe zinafichwa mahali asipofika mtu. Watu waliotoka jela ya Auckland wameniambia kwamba kule kila anayeingia ananyolewa. Wakimnyoa Hakaraia, hawatakuwa wamemfunga yeye tu. Watakuwa wametuvua nguo sote, wazee kwa watoto, na aliyewaonyesha njia ni mume wangu.

Nenda kwa hakimu leo hii. Sema umekosea. Sema mkeo ni mjinga, hakukueleza. Nitabeba mimi. Nakuomba, baba Erena, vitu vitapatikana vingine.

Ripeka


Waitoru
7 Aprili 1853

Shemeji Wata, mkia wa farasi,

Askari wako wamefika, vijana wawili wenye vifungo vinavyong'aa. Wametapika njia nzima, maskini, wakashuka gatini rangi ya maziwa. Nimewapa supu ya kome, sasa wana afya, wanacheza na watoto.

Wanasema umeniita Auckland. Ungeandika tu ningekuja, hukuwa na haja ya kunitumia wagonjwa. Vijana wangu hapa walitaka kuwarudisha askari baharini bila merikebu. Nimewakataza. Nimewaambia, mimi nilikwenda uani kwa shemeji nikasema yangu yote, mkuki mkononi, naye alisimama akanisikiliza, hakukimbia. Sasa yeye anataka kusema yake mbele ya wakubwa wa kwao. Ni haki yake. Mimi nitasimama nimsikilize.

Farasi wako ni mwehu kama wewe. Amempiga teke mjomba na sasa anadai shamba zima ni lake. Plau liko salama. Wakati wa kupanda ngano ukifika nitakuja nalo mimi mwenyewe na vijana wote, tukulimie mpaka kilimani. Te Raro tulimjengea nyumba mpya mwaka ule, wewe ndiye ulikuwa juu ya paa unaangusha misumari. Au umesahau na hilo?

Ripeka analia kutwa. Anasema maneno ya jela na mikasi. Nimemwambia anyamaze, shemeji yangu yuko kule, atawaambia mimi ni nani. Naleta joho langu la manyoya ya ndege ili usinionee haya mbele ya wakubwa.

Tayarisha tumbaku.

Ni mimi shemeji yako,
Hakaraia


Auckland
26 Aprili 1853

Ripeka mke wangu,

Barua yako ilinifikia askari wakiwa wamekwishasafiri. Kabla yake nilikuwa nimekutana na mzee Coutts sokoni, amekuja kuuza nyama ya chumvi. Akaniuliza habari za nyumbani, nikamwambia nimeporwa. Akaniuliza wamechukua nini. Nikaanza kumtajia, na kila nikitaja kitu macho yake yanazidi kutoka. Nilipofika kwenye birika akavua kofia.

"Kijana," akasema, "mimi nimeoa kule wewe hujaota ndevu. Walinichukulia mbwa. Na mbwa mwenyewe alirudi kesho yake. Mke wangu hakunisemesha mwaka mzima."

Nikamwambia nimeshtaki. Hapo hakucheka tena. Aliniuliza kama merikebu ya askari imekwishaondoka, nami nikasema imeondoka, akakaa juu ya pipa lake akawa anaitazama kofia yake.

Nilikimbia kwa hakimu, Ripeka, nakuapia. Nikasema nafuta mashtaka. Hakimu akanitazama kama anayemtazama mlevi. Akasema shauri si langu tena, ni la Malkia, na kama mimi naogopa jirani zangu yeye haogopi.

Siku ya shauri Hakaraia aliingia na joho lake. Akanitafuta kwa macho, akaniona, akanikonyeza. Mimi nikaitwa. Wakaniuliza, vitu hivi ni vyako? Nikasema ndiyo. Mtu huyu alivichukua mbele yako akiwa na silaha? Nikasema ndiyo, lakini. Nikaambiwa hiyo lakini haihitajiki, nikae chini. Nilikaa. Hakaraia alikuwa amesimama bado ananitazama, anangoja niendelee. Alingoja mpaka walipomshika mkono. Sidhani kama nitamsahau alivyokuwa anageuka nyuma pale mlangoni, kama mtu anayeitwa na mwenzake na hajui sauti inatoka wapi.

Amepewa mwezi mmoja, na watu wake warudishe kila kitu. Nimekwenda kumwona. Yuko salama, anakula vizuri, na lile uliloliogopa usilifikirie. Nitakaa hapa mpaka atoke, nilipie safari, turudi pamoja kama ndugu. Mbusu Erena.

Mumeo,
Wata


Ng'ambo, kwa kaka yangu
10 Juni 1853

Wata,

Hakaraia amerudi, na hakurudi na wewe. Mzee Coutts amenieleza kwamba ulimngojea mlangoni mwa jela, naye akakupita, akaenda kukaa gatini mpaka akapata merikebu nyingine.

Tulikuwa tumejipanga ufukoni kumlilia na kumpokea. Alishuka amejifunika blanketi kuanzia kichwani, akapita katikati yetu hamgusi mtu. Upepo ukalivuta lile blanketi. Shangazi Miriama alikuwa anaita wimbo wa kumkaribisha, na wimbo ukamkatikia mdomoni. Mimi mwenyewe nilijifunika macho, dada yake wa tumbo moja, kama nimemwona mtu uchi.

Alinisimulia mimi peke yangu, na amesema neno moja moja. Alishikwa na watu wanne. Aliyemnyoa alikuwa mpishi wa jela, na mikasi ilikuwa ya jikoni. Nywele zake zilifagiliwa pamoja na maganda ya viazi, zikatupiwa nguruwe. Nakuandikia hili ili na wewe uwe nalo. Uliniandikia kwamba yuko salama. Ulikwenda pale ukamwona kwa macho yako, kisha ukachukua kalamu ukaniambia nisifikirie.

Sasa nikupe habari njema. Mali yote imerudi.

Walikuja asubuhi, wote wale wale, bila mkuki na bila kelele. Nilipowaona wanapanda kutoka mtoni nilikimbilia shimo langu nikaanza kupasha mawe. Shangazi akaniambia, "Acha mwanangu, hatukuja kula." Walirudisha kila kitu mahali pake. Farasi amechanwa manyoya. Mashua imepakwa lami upya. Mpini wa plau ulikuwa na ufa tangu zamani, wameutengeneza. Meza wameiweka pale pale kwenye alama za miguu yake sakafuni. Koti lako limefuliwa na kukunjwa. Wamerudisha hata jembe la Te Raro. Hawakulia, hawakutukana, na maji niliyowapa hawakunywa.

Nilimshika shangazi mkono. Nikamwambia, kaa na birika basi, birika moja tu, kumbukumbu. Akautoa mkono wangu taratibu. Akasema, "Si kitu chetu, mama. Ni mali ya Mzungu."

Unaelewa alichosema? Siku walipokuvua koti walikuwa wanasema wewe ni wao. Mgeni hafanyiwi muru. Mgeni anaombwa radhi, anapewa haki yake, anapisha njia na kupishwa. Siku ile wametoka nyumbani kwetu bila kuchukua hata kijiti, nikabaki nimesimama katikati ya vitu vyote vile, nikaogopa kuvigusa. Nimejaribu kupika kwenye ile sufuria, chakula hakikushuka. Nikamchukua Erena nikaja huku.

Mimi sikukatai. Naandika wazi ili usitafute maneno mengine chini ya maneno yangu. Ulichomfanyia kaka yangu ni kikubwa kuliko kuungua kwa mtoto, na wanayo haki ya kuja tena kukuchukulia. Wakija, hata wakivunja nyumba wakabeba mbao, nitarudi siku hiyo hiyo na mtoto mgongoni, tutaanza kwenye udongo. Wasipokuja, mimi sina mume. Siwezi kuishi na mtu ambaye kwa watu wangu hayupo.

Ripeka


Waitoru
28 Juni 1853

Shemeji Hakaraia,

Nakupa barua hii kwa mkono wa mzee Coutts kwa sababu nilipokuja mwenyewe mlinipokea vizuri mno. Mlinipa kiti. Miaka yote nimekaa chini na nyinyi, mkinipiga mateke nisogee, na juzi nikapewa kiti peke yangu katikati ya uwanja, na mtu akanifukuzia nzi. Wewe uliniuliza kama safari ilikuwa njema. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, nikashindwa kuyasema nikiwa juu ya kile kiti.

Basi nayaandika. Nilikukosea. Uliniamini ukaja kwa miguu yako mwenyewe, nami nikakaa chini nilipoambiwa nikae. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kutolewa mle ndani kwa nguvu. Nilikaa. Na kule jela niliona walichokufanyia, nikamwandikia dada yako uongo, kwa sababu nilifikiri nisipokiandika kitapungua.

Nimechimba shimo uani, mimi mwenyewe. Nimechinja nguruwe wote waliobaki, nimetoa viazi vitamu vyote vya ghalani, na mikunga nimeinunua kwa Te Raro, ambaye alinitazama kwa muda mrefu kisha akanisaidia kuibeba. Nimetoa vitu vyote nje ili msipate tabu. Farasi nimemfunga mtini. Milango nimeing'oa, iko juu ya nyasi. Koti lipo juu kabisa, nampa shangazi mimi mwenyewe, au ngoja, asipewe, alichukue.

Njooni wote, wazee na watoto. Njoo na mkuki. Nitukane mpaka sauti ikauke, niambie mimi kipofu, mvivu, msaliti, lolote unalolitaka, nitasimama nisikilize kama nilivyosimama mwanzo, ila safari hii nitakuwa nasikia. Mkiondoka hapa na kila kitu, nitajua mimi bado ni shemeji yako, na Ripeka atarudi nyumbani. Sina jambo jingine ninalolitaka duniani.

Kesho jua likipanda nitafukua shimo, nitoe chakula. Nitawangojea.

Shemeji yako,
Wata


Ng'ambo
2 Julai 1853

Kwa Bwana Walter Prowse,

Barua yako tumeipata na tunashukuru kwa mwaliko. Tusamehe kwa kuchelewa kujibu.

Bwana, hatuna dai lolote juu yako. Shauri letu liliamuliwa na hakimu wako, mimi nimetumikia nilichopewa, na mali yako umeipokea kamili. Kama kuna kitu kimepungua, tafadhali tujulishe kitafutwe.

Moshi wa shimo lako tuliuona kutoka huku. Watoto waliuliza ni kwa nani, tukawaambia ni Mzungu mmoja anapika.

Ripeka ameniomba nikuarifu kwamba mkono wa mtoto umepona. Yeye na mtoto watakaa kwetu. Ukitaka kumwona mtoto karibu wakati wowote, utapewa kiti.

Ile nyama usiiache iharibike. Kuna merikebu imetia nanga gatini, mabaharia wake wananunua.

Wako kwa heshima,
Hakaraia Te Whareiti